Jalada la Gemu Dukani: Mwongozo Kamili wa Kulisanifu Kuanzia Kipimo Kidogo Kabisa

Mchezaji anayepitisha macho dukani huona kwanza kipande cha picha chenye upana wa pikseli mia na kitu, kimebanwa katikati ya vingine vingi, huku kidole chake kikiendelea kusogeza ukurasa. Trela, muziki, maelezo uliyoyapima neno kwa neno, vyote atavikuta baada ya kubofya. Kinachomfanya abofye ni jalada. Ndiyo maana inaniuma kuona gemu iliyotengenezwa kwa miaka mitatu ikiwekewa jalada lililotengenezwa jioni moja.

Watengenezaji wengi wa kujitegemea huanza na picha kubwa yenye kila kitu, kisha huipunguza hadi itoshee. Mwongozo huu unakwenda kinyume: anza na kipimo kidogo kabisa, hakikisha kinasomeka, ndipo uongeze undani kadiri nafasi inavyopanuka. Ukianza na kubwa, kila upunguzaji unakulazimisha kuondoa kitu ulichokwisha kukipenda, na mara nyingi hutakiondoa.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue gemu ya kubuni, "Taa ya Mwisho". Ni gemu ya mafumbo. Mchezaji ni mlinzi wa mnara wa taa, na anageuza vioo ili mwale wa taa uzipitishe meli salama kati ya miamba usiku.

Hatua ya 1: Sentensi moja kabla ya mchoro wowote

Andika sentensi moja inayojibu mambo matatu: mchezaji ni nani, anafanya nini kwa mikono yake, na anajisikiaje anapofanya. Kwa mfano wetu: "Mlinzi aliye peke yake anapinda mwanga kwa vioo ili kuokoa meli, kwa utulivu lakini kwa wasiwasi." Hapo tayari kuna uamuzi wa picha. Mwanga unaopinda ndio kitendo. Upweke na wasiwasi ndio hali. Historia ya mlinzi, jina la kisiwa, vita vilivyotokea zamani, hivyo havina nafasi kwenye jalada hata kama ndivyo ulivyovipenda zaidi ulipoandika hadithi.

Sentensi ikikataa kuandikika, acha jalada kwanza. Tatizo liko kwenye gemu au kwenye jinsi unavyoielewa, na rangi hazitalitatua.

Hatua ya 2: Soma rafu utakayowekwa

Ingia kwenye duka, fungua ukurasa wa aina ya gemu yako, na ukusanye majalada ishirini hadi thelathini ya gemu ambazo mchezaji wako angezinunua. Yabandike yote kwenye ukurasa mmoja kwa ukubwa uleule wa dukani. Sasa tazama kinachojirudia: rangi zipi zimetawala, wahusika wamesimama vipi, herufi ni nene au nyembamba, za mviringo au zenye kona kali.

Kila aina ya gemu ina lugha yake ya picha, na wachezaji huisoma bila kujua kwamba wanasoma. Gemu za kilimo na maisha ya kijijini huwa na rangi za joto, mwanga wa mchana na herufi za mviringo. Za kutisha huelemea kwenye giza lenye doa moja la rangi. Za mikakati huonyesha ramani, majeshi au majengo yakitazamwa kutoka juu. Ukiitupa lugha hiyo yote ili uwe wa kipekee, mtu anayeitafuta gemu kama yako atakupita kwa sababu hakukutambua. Ukiifuata yote, atakupita kwa sababu umezama kati ya wenzako.

Ninachopendekeza ni kuvunja kanuni moja tu na kuheshimu zilizobaki. Kama majalada yote uliyokusanya ni ya samawati, tunza mpangilio na herufi zinazotambulisha aina yako, kisha badilisha rangi. Kama yote yana mhusika aliyesimama katikati na silaha mkononi, tunza rangi na ubadilishe mkao.

Hatua ya 3: Vipimo, na kwa nini uwiano ni muhimu kuliko idadi ya pikseli

Steam, duka la gemu za kompyuta ambalo picha zake za dukani huziita kapsuli, inataka seti nzima. Kapsuli ya kichwa cha ukurasa ni pikseli 920 kwa 430. Ndogo ni 462 kwa 174, na kutoka kwayo mfumo hujitengenezea wenyewe nakala ndogo zaidi, ikiwemo ya 120 kwa 45. Kuu, inayotokea ukurasa wa mbele, ni 1232 kwa 706. Ya wima ni 748 kwa 896. Kisha kuna picha za maktaba ya mchezaji: ya 600 kwa 900, na pazia pana la 3840 kwa 1240 ambalo halipaswi kuwa na maandishi yoyote, kwa kuwa jina huwekwa juu yake kama faili tofauti yenye mandhari ya uwazi.

itch.io, duka la mtandaoni linalotumiwa sana na watengenezaji wa kujitegemea, inapendekeza 630 kwa 500, na chini ya 315 kwa 250 haikubali. Google Play inataka aikoni ya 512 kwa 512 na picha ya utambulisho ya 1024 kwa 500. App Store ya Apple inataka aikoni ya 1024 kwa 1024 isiyo na sehemu za uwazi. Vipimo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kutoa faili za mwisho pitia tena ukurasa wa maelekezo wa duka lenyewe.

Sasa angalia uwiano. Kapsuli ndogo ya Steam upana wake unazidi urefu wake mara mbili na nusu, ilhali ile ya maktaba ya 600 kwa 900 ni ndefu kwenda juu. Hakuna picha moja itakayokatwa ikafaa zote mbili. Mnara wa taa unapendeza kwenye 600 kwa 900, lakini kwenye 462 kwa 174 unakuwa kijiti kidogo chenye nafasi tupu pande zote. Jambo hili lijue sasa, si baada ya mchoro kukamilika, kwa sababu linaamua ni kitu gani kitabeba jalada lako. Kwa "Taa ya Mwisho", kinachoweza kulala kwenye umbo pana na kusimama kwenye umbo refu ni mwale. Mwale ndio uwe mhusika mkuu, na mnara umsaidie.

Hatua ya 4: Michoro midogo kwa rangi tatu za kijivu

Fungua turubai ndogo kweli, isizidi upana wa dole gumba kwenye skrini, na uchore kwa rangi tatu tu: nyeusi, kijivu na nyeupe. Usitumie rangi nyingine wala undani. Chora michoro kumi, ishirini, ya haraka na ya hovyo. Programu za kuchorea kama Krita na GIMP, au hata kalamu na karatasi, vinatosha. Wengi huiruka hatua hii, na mimi naamini ndiyo inayoamua zaidi kuliko nyingine zote, kwa sababu jalada linalofanya kazi kwa rangi tatu za kijivu litafanya kazi kwa rangi yoyote utakayoipaka baadaye, na lisilofanya kazi hapa halitaokolewa na mchoraji bora duniani.

Katika kila mchoro, tafuta mambo haya.

Jicho litue wapi kwanza? Pawe mahali pamoja, na pawe ndipo palipo na tofauti kubwa kuliko zote kati ya mwanga na giza. Ukiwa na sehemu mbili zenye nguvu sawa, jicho linayumba kati yake na muda umekwisha.

Umbo linatambulika likijazwa rangi moja? Paka mhusika wako mweusi wote. Kama bado anajulikana ni nani na anafanya nini, umbo lake ni zuri. Hollow Knight, gemu ya mwaka 2017 ya Team Cherry, ni somo bora hapa: kichwa cheupe chenye pembe mbili na matundu meusi ya macho. Hata kikipunguzwa hadi kikaribia ukubwa wa punje, bado unakijua.

Kitendo kinaonekana? Mhusika aliyesimama anatutazama hatuambii kitu kuhusu mchezo. Kwenye mfano wetu, mchoro wa mnara unaomulika bahari unaweza kuwa gemu ya kutisha, ya uvuvi au ya hadithi tu. Lakini mwale unaogonga kioo juu ya mwamba, ukapinda na kuigusa meli, unasema "fumbo" bila neno lolote. Meli iwe moja na kioo kiwe kimoja. Gemu yenyewe inaweza kuwa na vioo kumi kwa kila hatua, ila jalada linahitaji kimoja.

Jina litakaa wapi? Kila mchoro uwe na nafasi yake ya jina tangu mwanzo, hata kama ni mstatili mtupu. Jina linalobandikwa mwishoni juu ya picha iliyokamilika huwa linafunika uso wa mtu au linalazimika kukimbilia kona.

Ukibaki na michoro mitatu inayokuvutia, ipunguze hadi 120 kwa 45 na usogee nyuma ya kiti chako. Utakaoweza kuusoma ukiwa huko ndio wa kuendelea nao.

Hatua ya 5: Jina

Kwenye kapsuli ndogo, jina ni zaidi ya nusu ya kazi. Maelekezo ya Steam yenyewe yanataka jina likaribie kuijaza kapsuli hiyo. Fanya hesabu. "Taa ya Mwisho" ina herufi na nafasi kumi na tatu. Ukiiandika kwa mstari mmoja kwenye upana wa pikseli 120, kila herufi inapata takriban pikseli 9. Ukiigawa mistari miwili, "Taa ya" juu na "Mwisho" chini, kila mstari una sita, na kila herufi inapata pikseli 20. Ni jina lilelile, na umeongeza usomekaji zaidi ya mara mbili kwa kuvunja mstari tu.

Chagua herufi nene, zenye matundu ya ndani yaliyo wazi. "A" na "e" zilizobanwa hugeuka madoa zikipunguzwa. Herufi nyembamba za kifahari huyeyuka kabisa. Weka mwanga nyuma ya herufi za giza au giza nyuma ya herufi za mwanga, na kama mandhari ina vurugu, ipunguzie nguvu eneo hilo badala ya kuongezea herufi mistari ya pembeni, vivuli na mng'ao. Kivuli kimoja kinasaidia. Kikiongezewa athari nyingine tatu, ni dalili kwamba mandhari haikupangwa.

Herufi moja au mbili unaweza kuzichora mwenyewe zibebe wazo la gemu: "T" ya kwanza ikawa mnara, kwa mfano, ilimradi bado isomeke kuwa T. Jina la pili refu chini ya jina kuu liondoe kabisa kwenye vipimo vidogo. Ukitumia fonti ya mtu, soma leseni yake. Zilizo chini ya SIL Open Font License zinaruhusu matumizi ya kibiashara, lakini nyingi za "bure" zinazozagaa mtandaoni ni za matumizi binafsi tu.

Na litunze jina kwenye tabaka lake peke yake, yaani sehemu ya faili la picha inayohaririwa bila kugusa nyingine. Siku utakapotafsiri gemu, utataka kubadilisha jina pasipo kugusa mchoro, na Steam inakuruhusu kuweka kapsuli tofauti kwa kila lugha.

Hatua ya 6: Rangi

Kurasa za Steam zina mandhari ya samawati iliyokoza. Jalada la usiku lenye kingo za samawati ya giza huyeyuka humo, na kwa "Taa ya Mwisho" hilo ni tatizo la moja kwa moja. Suluhisho si kuichora gemu ya usiku mchana kweupe. Sogeza muda kidogo hadi machweo, anga iwe ya rangi ya chungwa iliyokolea na bahari ya zambarau, na mwale wa njano uvuke hadi kwenye kingo za picha. Sasa kingo zinaonekana, na hali ya wasiwasi haikupotea.

Rangi mbili kuu na moja ya kushtua zinatosha. Ile ya kushtua iwekwe pale jicho linapotakiwa kutua na pasiwe pengine. Kisha igeuze picha yote kuwa ya kijivu. Ikiwa rangi zilikuwa zinatenganisha vitu ambavyo kwa kijivu vinaungana, rekebisha mwangaza wake. Hili linawahusu pia wachezaji wasiotofautisha rangi vizuri: kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana shida hiyo, hasa baina ya nyekundu na kijani. GIMP ina kichujio cha kuonyesha picha jinsi wao wanavyoiona.

Hatua ya 7: Panga upya kwa kila kipimo

Mchoro wa mwisho uwe na matabaka: anga, bahari, miamba, mnara, meli, mwale, jina. Kwa kila kipimo, sogeza vipande hivyo na uvikuze au kuvipunguza kivyake. Kwenye kapsuli kuu una nafasi ya mnara, kioo, meli na mawimbi. Kwenye ya kichwa cha ukurasa, mnara unasogea pembeni na meli inakua. Kwenye ndogo baki na jina na mwale unaopita nyuma yake, meli iondoke. Ya wima inaurudisha mnara kwa fahari yake yote, jina likiwa chini. Lile pazia la maktaba linachukua mandhari tupu, huku kitu muhimu kikiwa karibu na katikati, ndani ya eneo la pikseli 860 kwa 380, kwa kuwa pembeni hukatwa kulingana na dirisha la mchezaji.

Aikoni ya simu ni kazi tofauti kabisa. Usiweke jina. Chukua umbo moja, kwetu ni kioo na mwale unaopinda, na ulijaze hadi karibu na ukingo.

Hatua ya 8: Kanuni za duka na haki za picha

Tangu tarehe 1 Septemba 2022, kapsuli za kudumu za Steam haziruhusiwi kuwa na kitu chochote zaidi ya mchoro wa gemu, jina lake na jina dogo rasmi. Alama za wahakiki, nembo za tuzo, maneno kama "punguzo" au majina ya gemu nyingine vimepigwa marufuku. Ukitaka kutangaza sasisho kubwa, kuna utaratibu wa picha za muda, ambazo hukaa kwa mwezi mmoja usiozidi. Usijaribu kupenya kanuni hii. Ukivunja unaweza kukosa nafasi kwenye matangazo ya duka.

Ukitumia akili bandia kutengeneza picha, Steam tangu Januari 2024 inakutaka uieleze kwenye fomu ya maudhui, na wachezaji huliona tamko hilo. Zaidi ya kanuni, wachezaji wengi wa gemu za kujitegemea hulipokea vibaya jalada la namna hiyo, na ni watu haohao unaotaka wakuamini.

Kama huwezi kuchora, ajiri mchoraji. Mchague kwa kazi zake za majalada. Uchoraji mzuri wa wahusika peke yake hautoshi, maana kupanga jina na picha pamoja ni ujuzi mwingine kabisa. Mpe ile sentensi moja, ukurasa wa majalada uliyokusanya, vipimo vyote, michoro yako ya kijivu hata kama ni mibaya, na picha za ndani ya gemu. Makubaliano ya maandishi yaseme kwamba utapokea faili lenye matabaka na una haki ya kulitumia kibiashara, kulibadilisha na kulichapisha kwenye bidhaa nyingine. Omba kwanza michoro midogo mitatu, uchague mmoja, ndipo apake rangi. Masahihisho kwenye mchoro wa kijivu ni ya dakika chache, kwenye picha iliyokamilika ni ya siku.

Hapa pana swali linaloulizwa sana: je, gemu ya pikseli kubwa, yaani yenye picha za vijiraba vinavyoonekana wazi, inaweza kuwa na jalada lililochorwa kwa ufasaha wa hali ya juu? Inaweza, kama jalada linatunza ahadi. Rangi zilingane, hali ilingane, mhusika awe yuleyule, na kitendo kilichoonyeshwa kiwepo kweli ndani ya mchezo. Mtu akibofya jalada la vita vya mazimwi akakuta picha za skrini za kuhesabu magunia, ataondoka akiwa na hasira, na akiisha kununua ataomba arudishiwe fedha.

Hatua ya 9: Pima

Piga picha ya ukurasa halisi wa duka, ubandike jalada lako mahali pa mojawapo ya gemu zilizomo, na uitazame kwenye simu. Kisha waonyeshe watu wasiokujua kwa sekunde mbili tu, uifiche. Usiwaulize kama wameipenda, watakuambia ndiyo. Waulize: "Kwenye gemu hii unafanya nini?" na "Inaitwaje?" Ukisikia "gemu ya kutisha" mara kwa mara wakati yako ni ya mafumbo, umepata kazi ya kurudi nayo hatua ya 4. Jina wakilikosea, rudi hatua ya 5.

Steam inataka ukurasa wa "inakuja hivi karibuni" uwe hewani angalau wiki mbili kabla ya kutoa gemu. Mimi ningeuweka miezi mingi kabla, kwa sababu huo ndio muda wa kupima bila hasara. Ripoti za trafiki za Steam, yaani za wageni wa ukurasa, zinaonyesha jalada limetokea mara ngapi na watu wangapi wamefika kwenye ukurasa wako. Linganisha kwa kila chanzo kivyake, kwani mtu aliyetafuta jina lako hubofya jalada lolote, lakini yule aliyekutana nawe kwenye orodha ya mapendekezo alishawishiwa na picha. Huyo wa pili ndiye wa kumfuatilia. Google Play ina zana ya majaribio inayogawa wageni kati ya aikoni mbili kwa wakati mmoja, nayo inakupa jibu safi zaidi. Steam haina, kwa hiyo utalinganisha kipindi kimoja na kingine.

Ukibadilisha, badilisha jambo moja kubwa: jina, au rangi, au kitu kikuu. Andika tarehe. Acha wiki kadhaa zisizo na tamasha la duka, punguzo wala video ya mtu mashuhuri iliyokuletea umati, vinginevyo namba zitapanda au kushuka kwa sababu zisizohusiana na mchoro. Faili la jalada la zamani, na matabaka yake yote, lihifadhi likiwa na tarehe lilipotumika, ili ukilazimika kulirudisha liwe tayari kwa vipimo vyote.